Kwani mchoraji hana Jumapili?

Hapa Lubumbashi, ukiajiriwa mgodini au ofisini, watu wanajua saa zako. Ukitoka, umetoka. Lakini sisi tunaochora mabango na mialiko ya harusi kwa kompyuta, nyumbani, saa za kazi tunaonekana hatuna kazi, na saa za kupumzika tunaonekana tuko tayari kwa kazi. Hesabu hiyo mimi hainiingii.

Mtaani kwetu Katuba umeme unapenda kurudi usiku wa manane, basi na mimi nachora usiku wa manane. Nikilala asubuhi, jirani anagonga: "Yaya, kaka yangu, kwa vile hauko na kazi, niangalizie mtoto, nafika sokoni." Haya, mtoto hana kosa.

Jumapili ndiyo balaa. Mazembe wanacheza mpira Kamalondo, bukari, ugali wetu, iko mezani, sombe ya majani ya muhogo inanukia, nimekata tonge la kwanza. Simu! "Papa, ule mwaliko, badilisha tu rangi ya maua, ni dakika tano." Maua yakibadilika, linabadilika na jina la ukumbi, kisha shangazi anasema picha imemnenepesha bibi harusi. Pesa haitajwi. Kiangazi chote, msimu wa harusi, ni hivyo.

Ukizima simu, wanakuja wenyewe kwa pikipiki, wanaketi kukutazama ukibofya. Mmoja alinieleza eti kuchora tayari ni kupumzika. Alimaliza soda yangu, akachukua mwaliko wake, akasema mambo ya malipo tutaonana Jumatatu.