Laki mbili za roboti na vumbi la Singida

Kuna tangazo la duka moja la simu linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp wiki hii. Kijana anakunja na kukunjua simu kama anapepea jiko, na maandishi mekundu chini yake yanapiga kelele: INAKUNJWA MARA LAKI MBILI, HAIHARIBIKI! Nimetumiwa na watu watatu. Aliyenichefua ni yule aliyeongeza, "Kaka, wewe si ndiyo huwa unazibeza hizi?"

Haya, tuzungumze.

Laki mbili ni namba ya kiwandani. Samsung walikuja nayo kwenye Galaxy Fold, simu yao ya kukunjwa ya 2019, na maana yake ni kukunja mara mia kwa siku kwa miaka mitano na ushee. Mwaka 2025 wakatangaza kioo kilichopimwa hadi laki tano. Siipingi hesabu, nauliza nani alikuwa anakunja. Roboti. Yuko maabara, ameshika pande zote mbili sawasawa, mwendo uleule asubuhi hadi asubuhi. Hana jasho wala mtoto mgongoni, na hajawahi kushuka stendi ya Singida mwezi wa nane. Sisi tunafungua kwa dole gumba, kutokea pembe moja, mkono wa pili umeshika nauli.

Na hiyo pembe moja ndiyo shida yenyewe, kwa sababu ya gia, yale magurudumu madogo yenye meno ndani ya bawaba.

Kioo kile hakikunjiki kama karatasi, lazima kipate nafasi ya kujipinda. Kwa hiyo kila nusu ya simu inazungukia shafti yake, yaani kijiti chake cha kuzungukia. Shafti mbili zisizojuana ni balaa: nusu moja inatangulia, nyingine inabaki nyuma, kioo kinavutwa upande. Lazima zifungwe pamoja, na dawa waliyoitumia watengenezaji wengi ni gia. Ukiweka gia mbili tu, itabidi ziwe kubwa ili zifikiane, na simu itavimba. Ndipo wanapachika mbili ndogo katikati, zinakuwa nne kwenye mstari. Tatu hazifai: kila gia inageuza mwelekeo wa jirani yake, hivyo ukiwa na tatu zile za mwisho zitazunguka upande mmoja na simu haitafunga milele. Nne zinapishana vizuri na nusu mbili zinakutana kama zinavyotakiwa. Mimi nikiangalia kitu hicho, kidogo vile, chenye meno yasiyofika milimita moja, kimejificha kwenye uti wa simu, navua kofia kabisa. Waliokichora ni watu wenye akili.

Lakini gia nne zina sehemu tatu za kung'atana, na kila sehemu lazima iachiwe upenyo kidogo, la sivyo zinakaba. Upenyo huo unajumlishwa. Kwenye simu mpya huusikii. Meno yakianza kulika, upenyo huo unakua, nusu moja inaanza kutangulia mwenzake, na anayelipa ni kioo. Bawaba nyingi zina seti ya gia juu na nyingine chini. Ukifungua kwa pembe moja, seti moja inabeba mzigo zaidi ya mwenzake. Roboti hafanyi hivyo.

Kinachokula meno ni vumbi. Mchanga wenye madini ya kwatzi ni mgumu kuliko vyuma vingi, ukichanganyika na grisi unasaga. Sasa soma karatasi ya sifa. Galaxy Z Fold6 ya 2024 imeandikwa IP48, yaani kipimo cha kinga: namba ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Wauzaji wanashangilia ile nane, ya maji. Ile nne inasema simu imekingwa dhidi ya vitu vya milimita moja na kuendelea. Milimita moja! Hiyo ni kokoto. Vumbi la barabara ya mkoani linapita hapo likiwa limejipanga foleni.

Simu ya shemeji yangu (si ya kampuni niliyoitaja, msianze) ilianza kulia "ta!" ikifika nusu ya kufunguka, muda si mrefu baada ya kuhamishiwa kazi huko kwenye vumbi. Fundi wangu wa Kariakoo, mtu anayefungua chochote chenye skurubu, aliigeuzageuza akanirudishia. "Bro, hii bawaba haiuzwi peke yake. Inakuja na fremu na kioo chake." Bei ya hiyo spea inanunua simu nzuri ya kawaida na chenji inabaki.

Nitakubali kwa shingo upande: wamejitahidi. Galaxy Z Flip ya 2020 iliwekewa nyuzi za brashi ndani ya bawaba kufagia uchafu. Kwenye Galaxy Z Fold4 ya 2022 Samsung waliachana na gia za kuzunguka, ingawa hata ile Fold6 iliyofuata ilibaki na ile nne ya vumbi. Google nao wakaja 2025 na Pixel 10 Pro Fold, bawaba isiyo na gia na kinga ya IP68, ambayo sita yake ndiyo kinga halisi ya vumbi. Kwa hiyo inawezekana. Basi kwa nini tangazo la dukani bado linahubiri laki mbili?

Wazee wa Razr V3, ile simu ya Motorola ya kukunja yenye vitufe ya 2004, wataniambia wao walikunja miaka na miaka bila shida. Kweli, ila kioo chao hakikupita juu ya bawaba. Msilinganishe.

Mstari wa mkunjo katikati ya kioo haunisumbui, bei nimeshaizoea kuilaani. Ninachotaka ni vitu viwili tu. Mnipimie simu ikiwa imemwagiwa vumbi, inafunguliwa kwa pembe moja, halafu mniandikie namba hiyo kwa maandishi mekundu. Na muuze bawaba peke yake, ili fundi wa Kariakoo aache kunirudishia simu za watu.