Msimlaumu mpiga picha wa Kisumu kwa jua la saa saba

Msimu wa harusi ukifika, Aprili, Agosti na Desemba shule zikiwa zimefungwa, sisi tulio Uingereza huwatumia ndugu zetu wa nyumbani vitu viwili: mchango kwa M-Pesa, na picha za harusi za huku pamoja na agizo kwamba zao zitoke hivyohivyo. Bibi harusi kasimama kwenye nyasi, mwanga wa dhahabu unatokea nyuma ya nywele zake, uso laini, hakuna kivuli chini ya nyusi. Picha za Kisumu zikija na macho yaliyozama gizani na gauni lililoungua kwa mwanga mpaka lesi haionekani, hukumu hutoka papo hapo kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia: mpiga picha hajui kazi, au kamera yake ni ya bei ya chini. Kupiga picha za harusi ndiyo kazi yangu hapa Manchester, na hukumu hiyo naikataa. Kamera ni zilezile, lenzi ni zilezile. Tofauti iko kwenye jua, ratiba na mkataba, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoamuliwa na mpiga picha peke yake.

Tuanze na jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua huchwea kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, tena hushuka wima: kutoka nyuzi 10 juu ya upeo wa macho hadi kuzama ni kama dakika 40. Manchester mwezi wa Juni jua huzama mnamo saa tatu na dakika 40 usiku, na hushuka kimshazari, kwa hiyo nyuzi hizo 10 huchukua karibu mara mbili ya muda huo. Hata adhuhuri ya Juni jua la huku halipandi kupita nyuzi 60, na siku nyingi kuna wingu linalotawanya mwanga kila upande. Kisumu mwezi wa Machi au Septemba, ikikaribia saa saba, jua liko utosini. Paji la uso linakuwa paa, macho yanabaki chini yake bila mwanga. Hakuna lenzi inayotibu hilo.

Na saa saba ndiyo saa ambayo maharusi wetu hutoka kanisani. Ibada iliyoandikwa kwenye kadi kuwa ni ya saa nne huanza saa tano na nusu, kwa sababu saluni imechelewa na msafara umekwama. Jioni, mwanga ukishakuwa mzuri, maharusi wamekaa mbele ya hema wakipokea zawadi: tangi la maji, godoro, mbuzi, shangazi wakiingia kwa wimbo. Foleni hiyo hula saa moja hadi mbili. Sisemi ikatwe, maana zawadi ndiyo moyo wa harusi ya kwetu, na picha za mashangazi wakicheza na sufuria kichwani zina uhai ambao ni nadra kuuona kwenye harusi za huku. Ninachoomba ni dakika 20 tu, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo. MC aite kwaya iimbe, maharusi watoke, wapigwe picha nyuma ya uwanja, warudi. Kamati inaweza kuliandika hilo kwenye programu kama inavyoandika chakula. Lisipoandikwa, halitafanyika, kwa sababu siku yenyewe mpiga picha hana mamlaka ya kumwinua bwana harusi kitini mbele ya wazee.

Kwa picha za saa saba, fundi mzuri hatafuti mandhari, anatafuta baraza. Watu hukimbilia chini ya mwembe, lakini majani hupitisha madoa ya jua yanayotua puani na begani, na nyasi hurudisha rangi ya kijani kwenye gauni jeupe. Msitu wa Kakamega una shida hiyo maradufu, na huko mvua ya alasiri haibishi hodi, kwa hiyo picha za maharusi zipigwe kabla ya chakula. Baraza la kanisa au la darasa, lenye sakafu ya saruji inayoelekea uwanja wazi, ndilo linalofaa: wasimamishe maharusi hatua moja ndani ya ukingo wa kivuli, nyuso zikitazama nje. Mwanga wa uwanjani unaingia kwa mbele, na saruji inarusha mwingine kutoka chini hadi machoni. Pakikosekana baraza, itabidi flashi yenye kifuniko laini, ishikwe na msaidizi kwa kimo cha uso, kamera ikiwa ISO 100 (kiwango cha kuhisi mwanga), shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/200 ya sekunde, na tundu la lenzi kama f/11. Betri za flashi huisha haraka kwa mtindo huo, kwa hiyo seti mbili za akiba ndizo kiasi cha chini.

Kuna jambo ambalo naona wapiga picha wa nyumbani wanatuzidi waziwazi, nalo ni ngozi nyeusi kando ya gauni jeupe. Kamera ikiachiwa ijipimie, huvuta kila kitu kuelekea kijivu. Gauni likijaa kwenye fremu inapunguza mwanga na uso unazama. Suti nyeusi ikijaa inaongeza mwanga na lesi inapotea. Fundi wa Kisumu hupima kwa mkono: anaweka mwanga mpaka lesi ibaki na nyuzi zake, kisha anauinua uso kwa flashi au kwa ubao mweupe. Huku nimeona maharusi weusi wakilipa pesa nyingi, wakapewa picha ambazo ngozi imegeuka majivu, kwa sababu aliyezihariri alitumia mipangilio aliyoizoea kwa wateja wengine. Wakenya wa huku wanaosema nyumbani hakuna ujuzi wangeziweka picha hizo mbili mezani kabla ya kusema.

Kuhusu hema, hapa lawama ni ya kamati. Hema la kukodi la bluu, jekundu au njano hupaka kila mtu rangi yake. Watu hudhani itaondolewa kwenye kompyuta. Haiondoki, kwa sababu uso mmoja unapokea mwanga wa aina mbili: wa bluu unaopenya kitambaa juu, na mweupe unaoingia ubavuni. Ukirekebisha shavu moja, unaharibu la pili. Kuirusha flashi juu ya dari nako hakusaidii, kwani inarudi ikiwa na rangi ileile ya kitambaa. Kodi hema jeupe. Likikosekana, meza ya maharusi iwekwe ubavu ulio wazi, kama mita moja ndani, wala si katikati.

Picha za vikundi zinaonyesha tofauti ya ratiba vizuri zaidi. Huku maharusi huniletea orodha ya vikundi 8 au 10, kila kimoja dakika tatu, na baada ya nusu saa tumemaliza. Nyumbani kuna wazazi, ukoo wa mama, ukoo wa baba, majirani, kwaya, akina mama wa kanisa, chama, wafanyakazi wenza, waliosoma pamoja, na vikundi 30 hufika kabla hujamaliza kuhesabu. Kazi hiyo haifanyiki kwa kupiga kelele. Watu wawili, mmoja kutoka kila upande, wanaojua nani ni nani, washike orodha na waite. Wazee watangulie ili wakae, wafuate walio na safari ndefu, vijana mwisho. Kwa watu 60 panga safu tatu: waliokaa, waliosimama, waliopanda benchi. Piga ukiwa juu ya ngazi, lenzi ya 35mm, f/8, ukilenga safu ya kati, na upige mara tano kwa sababu lazima kuna aliyefumba macho. Lenzi pana ya 24mm huonekana rahisi, lakini humnenepesha kila aliye pembeni, na aliye pembeni kwa kawaida ni mama mkwe.

Tena mpiga picha wa Nakuru haishii kwenye gauni jeupe. Katika ngurario, harusi ya kimila ya Wakikuyu, lazima ajue kuwa picha yenyewe ni bwana harusi akikata kiande, bega la mbuzi, na kisu hakirudiwi kwa ajili ya kamera. Wasichana wanapoletwa wamefunikwa leso ili bwana harusi amtambue wake, mpiga picha mmoja awe upande wa bwana harusi akingoja uso wake, mwingine awe karibu na wasichana akingoja leso ifunuliwe. Akiwa peke yake, moja ya picha hizo mbili ataikosa. Kwenye ayie ya Waluo, siku ya kuwaendea wazazi wa bibi harusi kwa mahari, mambo mengi ni mazungumzo ya wakubwa ndani ya nyumba, chumba kidogo, dirisha moja, mabati juu. Hapo inahitajika lenzi inayofunguka hadi f/1.8 na shata isiyo na sauti, pamoja na adabu ya kuuliza kwanza ni lini pa kupiga na ni lini pa kutoka nje.

Huku nako kuna ugumu wake. Makanisa ya mawe ni giza, na makasisi wengi hukataza flashi na kutembeatembea, kwa hiyo unasimama pahali pamoja ukipiga kwa ISO 6400. Desemba jua huzama saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, na ukiingia ukumbini kutoka kwenye baridi lenzi inafuka ukungu, mpaka uiache ndani ya mkoba kama nusu saa. Lakini siku ya harusi ya huku inalindwa. Saa zimeandikwa, na salio la malipo kwa kawaida limeshatumwa wiki kadhaa kabla, kwa hiyo hakuna anayemfukuzia mjomba pesa usiku wa sherehe. Kumbi nyingi hutaka kuona bima ya mpiga picha kabla ya kumruhusu kuingia. Haya si mambo ya kizungu. Ni utaratibu tu, na kamati ya Nakuru inayoweza kupanga sufuria za watu 500 inaweza kuupanga.

Penye hasara kubwa zaidi nyumbani ni faili. Harusi moja huzaa picha kama 3,000, na kwa RAW, yaani faili ghafi za kamera, za MB 30 kila moja hizo ni GB 90. Kwa intaneti inayopandisha Mbps 10, kuzihifadhi mtandaoni ni saa 20 bila kukatika, na nani ana saa 20 za stima na bando? Ndiyo maana picha hubaki kwenye memori kadi moja, na kadi ileile hutumika Jumapili kwenye ubatizo. Hivyo ndivyo harusi za watu zinavyopotea, wala si kwa wizi. Kamera yenye nafasi mbili za kadi iandike kwenye zote mbili kwa pamoja. Usiku uleule nakala ziende kwenye diski mbili, laptopu ikiwa imechajiwa kabla ya kuanza ili stima ikipotea isikate kazi katikati, kisha hesabu ya faili ilinganishwe pande zote. Diski ya pili ilale nyumba nyingine. Kadi zisifutwe mpaka maharusi wapokee zao. Na lenzi zisilazwe kwenye mkoba wa ngozi Kisumu: unyevu wa ziwa huotesha kuvu ndani ya kioo, ilhali chombo cha plastiki kinachofungwa vizuri na vifuko vya silika jeli ni gharama ndogo.

Sisi tunaotuma pesa hupenda kulipia droni. Droni ni nzuri, lakini nchini Kenya droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na inapaswa kusajiliwa, na Kisumu kuna uwanja wa ndege kando ya ziwa. Pesa hiyohiyo ingelipia mpiga picha wa pili, diski ya pili na albamu iliyochapishwa. Linki ya picha za mtandaoni mama hataifungua, na akiifungua mwaka wa tatu itakuwa imeshafungwa.

Halafu mkataba. Karatasi moja yenye tarehe, saa za kuanza na kumaliza, idadi ya picha zitakazohaririwa, siku ya kukabidhi, kiasi cha malipo ya kwanza, na nini kitafanyika mpiga picha akiugua. Kuna kifungu kimoja ambacho karibu kila mtu hukisahau, nacho ni cha haki miliki, kwa sababu sheria za nchi hizi mbili zimeachana kabisa. Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1988, haki ya picha ni ya aliyepiga hata kama umemlipa, ingawa picha ulizoagiza kwa mambo ya nyumbani hana ruhusa ya kuzitoa hadharani bila wewe kukubali. Kenya, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba fundi wa Kisumu asiye na mkataba hana hakika ya kutumia hata picha yake mwenyewe kujitangaza, na pale ambapo aliyelipa ni kaka aliye Leeds, haijulikani vizuri aliyeagiza ni nani. Sentensi mbili zinatosha: "Maharusi, si wachangiaji, ndio walioagiza kazi hii na wanaruhusiwa kuchapisha na kusambaza picha zote watakazopewa. Mpiga picha anaruhusiwa kutumia picha zisizozidi 20 kutangaza kazi yake, baada ya maharusi kuzichagua."