Pikipiki ya Rekodi, Kazi ya Fundi wa Jahazi

Juzi nilikuwa gereji moja Mwanakwerekwe nikisubiri breki zangu. Kando yangu kijana kalala chini, anaikata ekzosi ya pikipiki yake kwa msumeno "ipate kupumua". Alipoiwasha, kuku wa jirani wakatawanyika. Mbio zenyewe? Zile zile. Kilichoongezeka ni kelele.

Tukitaka kasi, sote tunaikimbilia injini. Wanaounda pikipiki za rekodi ya mwendo wanahangaika na upepo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukenda 80, upepo unakuzuia mara nne, na nguvu ya kuushinda ni mara nane. Ndiyo maana pikipiki hizo hufungiwa ndani ya gamba refu, dereva kaegemea humo miguu mbele. Ukiiona utasema jodari kawekewa magurudumu.

Na umbo la kupenya, hapa kisiwani Unguja, anayelijua ni fundi wa jahazi. Ami yangu anaunda vyombo Nungwi. Hufumba macho akapitisha kiganja ubavuni, toka omo hadi tezi. Kikikwama popote, anachukua tezo akapachonga. Nilimwonesha picha ya Ack Attack, pikipiki ya Marekani ambayo Rocky Robinson aliikimbiza kilomita 605 kwa saa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, mwaka 2010. (Kwa mwendo huo unatoka Nungwi ukafika Kizimkazi, na daladala Darajani bado inasubiri abiria wawili.) Nilidhani ataulizia injini zake mbili za Suzuki Hayabusa. Wapi! Nilipomweleza kwamba pikipiki za aina hii hushusha viguu viwili ubavuni zikiwa na mwendo mdogo zisilale, akacheka: "Si ndubi za ngalawa hizo!" Pezi la nyuma nalo hakuhitaji kuelezwa. Mtoto yeyote aliyerusha tiara isiyo mkia anajua itakavyozunguka.

Mtasema hayo ni ya wenye fedha. Burt Munro wa New Zealand alinunua pikipiki yake ya Indian mwaka 1920, akaichokonoa kwa miaka zaidi ya arobaini, pistoni akizimimina mwenyewe nyumbani. Mwaka 1967, ana miaka 68, akaweka rekodi ya daraja la chini ya cc 1000: karibu kilomita 296 kwa saa. Na yapo madaraja madogo zaidi, hadi cc 50. Hapo ndipo pa kuanzia sisi.

Pa kukimbilia, nakiri, hatuna. Pwani ya Paje maji yakipwa ni tambarare ya kutamanisha, lakini imejaa vijiti vya mwani, na kina mama wenye mwani wao hawatanielewa. Chumvi ya Pemba iko kwenye vijaruba. Tena rekodi haihesabiwi kwa kwenda tu: lazima urudi upande wa pili ndani ya saa mbili, ndipo upigwe wastani. Kwa hiyo tuundie hapa, tukakimbilie kwao.

Ami aliniuliza gamba litakuwa la mbao gani. Nikamwambia faiba. Akanuna, maana faiba ndiyo iliyomnyang'anya wateja. Nikamwambia faiba hutandazwa juu ya kalibu, na kalibu lazima mtu aichonge kwanza, kwa mbao.

Akaweka tezo chini. "Urefu wake dhiraa ngapi?"