Boti ya abiria nayo ni daraja

Mimi ni mtoto wa Kigamboni, nimekua nikivuka kwa pantoni, kwa hiyo popote penye kivuko macho yangu huenda kwanza kwenye gati. Huku Puget Sound, jimbo la Washington, maji kujaa na kupwa kunaweza kupishana kwa zaidi ya mita 3 siku moja, ndiyo maana boti za abiria hutumia gati linaloelea. Maji yakijaa unatembea kama uko barabarani. Yakipwa, njia ya kushukia inainama kiasi kwamba mama mwenye kigari cha mtoto anageuka na kushuka kinyumenyume, mkono mmoja kwenye kigari, mwingine umeshika reli.

Gati la namna hii halikai mahali pake bila nguzo zilizopigwa hadi kwenye udongo wa chini ya maji. Na udongo ule una mwenyewe. Katika katiba yake ya 1889, Washington ilitangaza kwamba ardhi iliyo chini ya maji yanayopitika na vyombo ni mali ya serikali. Sehemu kubwa ya fukwe zinazofunikwa na maji kujaa iliuzwa kwa watu binafsi, hadi biashara hiyo ilipokomeshwa mwaka 1971. Iliyobaki, zaidi ya hekta milioni 1, inasimamiwa na Idara ya Maliasili ya jimbo, na anayetaka kuitumia kwa kawaida hupanga na kulipa.

Kodi yenyewe hupigwa kwa kuangalia thamani ya kiwanja cha nchi kavu kilicho jirani. Inachukuliwa asilimia 30 ya thamani hiyo, kisha inazidishwa kwa kiwango cha faida kilichowekwa. Kwa anayejenga mahali pa kuegesha boti za matajiri, sina ugomvi na hesabu hiyo. Lakini boti ya abiria lazima ifike mjini, penye kazi na hospitali, na mjini ndiko viwanja viliko ghali. Kadiri gati linavyowafaa watu wengi, ndivyo kodi inavyopanda. Hapo sheria inaadhibu huduma kwa sababu imewekwa mahali inapohitajika.

Ndiyo maana naunga mkono kwa moyo wote sheria ya kuyapa mashirika ya usafiri wa umma haki ya kutumia ardhi hii bila kodi ya pango. Kaunti na miji tayari ina haki kisheria ya kujenga madaraja juu ya njia za maji za jimbo. Bandari za umma zenye mkataba wa usimamizi na Idara hazidaiwi kodi kwa shughuli zinazohitaji maji. Sasa boti ya Kitsap Transit, shirika lile lile linaloendesha mabasi ya kaunti, ina tofauti gani na daraja? Tangu Julai 2017 inavusha watu 118 kwa safari moja kutoka Bremerton hadi Seattle kwa nusu saa hivi, njia ambayo kivuko cha magari huchukua saa nzima. Wapigakura ndio waliokubali mwaka 2016 kujiongezea kodi ya mauzo ili huduma hiyo iwepo. Kuwatoza tena kwa udongo ambao ni wao ni kuhamisha fedha kutoka mfuko mmoja wa umma kwenda mwingine, na anayepungukiwa ni abiria.

Ila kusamehewa kodi kusigeuzwe kusamehewa uchunguzi, na hapa sitaki mzaha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 boti za kasi zilipita katika mlango mwembamba wa Rich Passage, mawimbi yake yakala fukwe, wakazi wakaenda mahakamani, boti zikapunguzwa kasi, na mwaka 2003 huduma ikafa. Ilichukua miaka ya utafiti kupata boti nyepesi, yenye bawa chini ya maji la kuinyanyua, isiyosukuma wimbi kubwa. Tena kuna makabila ya wenyeji, Wasuquamish wakiwamo, ambao haki yao ya kuvua iliandikwa katika mkataba wa 1855. Mwaka 1974 Jaji Boldt aliamua kwamba nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa ni yao. Nguzo ikipigwa pale wanapotega nyavu, au juu ya nyasi za bahari wanamojificha samaki wadogo, hasara haimwangukii aliyeweka saini.

Kwa hiyo kifungu ninachokitaka kiseme hivi: pango halitozwi, lakini shirika linalipa gharama za Idara za kukagua maombi na za kurudisha nyasi za bahari litakazoziharibu. Makabila yaulizwe kabla ramani ya gati haijachorwa. Na gati likiacha kutumiwa na abiria, haki ya bure iishe siku hiyo hiyo, nguzo zing'olewe.