Waya wetu unaishia wapi?

Masika ya mwaka juzi simu ya mezani ya mama yangu, pale Chumbageni, Tanga, ilinyamaza wiki tatu. Mimi niko Leicester, Uingereza, mwaka wa kumi na nne sasa, na namba ile ndiyo naijua kwa kichwa tangu niko darasa la tatu. Nilipopiga, huku kwangu niliisikia ikiita kama kawaida. Kule nyumbani hakikulia kitu. Siku mbili nzima nikadhani mama ametoka, mara kwa shangazi, mara msibani. Siku ya tatu nikampigia kwenye simu ya mkononi.

"Imekufa, mwanangu," akaniambia. "Nikiinua, kimya."

Alikwenda kuripoti kwenye kampuni ya simu mara tatu. Kila akienda, kijana wa kaunta anaandika namba kwenye daftari, anamwambia arudi nyumbani, fundi atakuja. Hapewi karatasi, hapewi siku. Mara ya tatu alikwenda kwa bajaji huku mvua inapiga, na ana goti linalomsumbua.

Fundi alipofika alikuwa mtu mwema, nataka hilo lijulikane. Alimwamkia mama, akamuuliza goti, akaanza kazi. Akafungua waya pale nje ukutani unapoingilia kutoka kwenye nguzo, akabana simu yake ya kupimia kwenye zile nyaya mbili. Mlio upo. Basi akaufuata waya kwa kidole kuingia ndani, hadi juu ya dirisha la ukumbi, palipokuwa na kiungo kilichofungwa utepe mweusi. Alipoubandua, shaba ilikuwa ya kijani, ikakatika mkononi mwake kama kijiti kikavu. Upepo wa chumvi wa Tanga hauachi kiungo kilichofungwa ovyo. Dakika kumi, simu ikafufuka.

"Hii ilikuwa ya kwenu, mama," akasema kwa upole. "Ya kampuni inaishia pale nje."

Mama ana simu ile zaidi ya miaka thelathini. Siku ile ndiyo ya kwanza kuambiwa kwamba kuna ya kwetu na kuna ya kampuni.

Hapo ndipo linaponiuma, kuliko hata zile wiki tatu. Kuharibika waya hakuna wa kulaumiwa. Lakini mama alihangaika, kampuni ikaonekana mzembe, fundi akapotezewa siku yake, kwa sababu tu hakuna aliyewahi kumwonyesha mpaka uko wapi na autazame vipi.

Miezi michache kabla ya hapo laini yangu ya Leicester nayo ilianza kukwaruza, na intaneti ikawa inakatika kila mvua ikinyesha. Nilipotaka kuripoti, nikaambiwa nipime kwanza. Nyumba nyingi za huku huwa na soketi kuu pale waya unapoingilia. Unafungua skurubu mbili, unavuta kile kifuniko cha chini, na nyuma yake kuna tundu jingine, la kupimia. Ukivuta kifuniko umeshazitenga nyaya zote za ndani ya nyumba yako. Tundu lile linaongea na mtaa moja kwa moja. Nilipiga magoti kwenye ujia na bisibisi ya jikoni, nikachomeka simu ya kawaida yenye waya, isiyohitaji umeme. Kwenye laini nyingi za shaba za hapa ukipiga 17070 unapata huduma ya vipimo, na ukichagua 2 laini inawekwa kimya kabisa ili usikilize. Nikasikiliza. Katika ule ukimya ulioletwa makusudi, mkwaruzo ulisikika kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Basi ubovu ulikuwa nje, si kwangu.

Nikaripoti, nikapewa namba ya kumbukumbu na siku ya fundi. Alikuja, akapanda nguzo, akakuta maji kwenye kiungo. Angekuta ubovu uko ndani kwangu, ningeweza kutozwa, na hilo niliambiwa mapema. Naliona ni haki.

Watu husema simu ya mezani ni mambo ya kizamani. Ningependa waielewe kwanza. Nyaya mbili za shaba zinatoka kwenye mitambo mjini hadi ukutani kwako, na kati yake kuna umeme wa volti 48 hivi, unaotoka huko mitamboni, unaokaa ukingoja. Ukiinua mkono wa simu, njia inakamilika, umeme unapita, mitambo inajua unataka kupiga, inakuletea mlio. Ndiyo maana umeme wa nyumbani ukikatika simu ya mama inaendelea kufanya kazi, na kwa mtu wa umri wake anayekaa peke yake usiku, hilo si jambo dogo.

Na kila ubovu una sauti yake. Kimya kabisa: waya umekatika mahali, au zile mbili zimegusana. Mkwaruzo unaozidi mvua ikinyesha: unyevu umeingia kwenye kiungo. Mvumo mzito usiokoma: mara nyingi waya umegusa ardhi au umepita karibu na umeme mkubwa. Ukisikia mazungumzo ya watu usiowajua, laini yako na ya jirani zinaingiliana. Mvumo mwembamba wa "shiii" kwenye nyumba yenye intaneti ya waya mara nyingi maana yake kichujio, kile kidude cha kutenganisha sauti na intaneti, kimesahauliwa kuwekwa kati ya simu na soketi. Na kabla ya yote, chomoa kila kitu kilichochomekwa, kwa sababu simu moja ya chumbani isiyokaa vizuri mahali pake inatosha kuiziba laini nzima. Mambo haya mtu anafundishwa kwa robo saa. Bibi yeyote wa Ngamiani anayejua kwa mlio tu kama nazi ni mbichi au imekauka, atashindwaje kuisikiliza laini yake?

Wenzangu tulio huku tuna tabia ya kurudi likizo na kusema Ulaya kila kitu kinakwenda. Si kweli. Siku ile nilikaa kwenye foleni ya simu dakika 47 nikisikiliza muziki kabla ya kuzungumza na binadamu, na fundi aliyekuja hakuniuliza hali wala jina. Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, alishindwa na zile skurubu mbili, hakuna aliyejali mpaka nilipomsaidia. Tanga asingeachwa hivyo. Angeitwa kijana wa barazani.

Tofauti ninayoitaka mimi ni ya maandishi. Huku kuanzia Aprili 2019 kampuni zilizojiunga na mpango wa Ofcom, msimamizi wa mawasiliano, humlipa mteja zenyewe bila kuombwa laini isipotengenezwa ndani ya siku mbili kamili za kazi. Mpango ulianza na pauni 8 kwa kila siku inayozidi, na pauni 25 fundi asipotokea kwa miadi. Fedha hizo hazimtajirishi mtu. Kazi yake ni kuifanya siku ya mteja iwe na bei, na kitu chenye bei hakisahauliki kwenye daftari. Kwetu tunayo TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, tangu 2003, na mteja asiyeridhika na majibu ya kampuni ana haki ya kupeleka lalamiko huko. Lakini utalalamika nini bila namba ya kumbukumbu, bila tarehe, bila kujua kama waya uliooza ni wako?

Na wasitoe kisingizio kwamba shaba inaondoka. Ni kweli inaondoka. Hapa Uingereza imepangwa simu za mfumo wa zamani zizimwe mwishoni mwa Januari 2027. Faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, inayoingia majumbani nayo ina kisanduku chake ukutani, na taa yake ya LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki, tatizo liko kwenye waya wa faiba au zaidi ya hapo, na kuzima na kuwasha ruta usiku kucha hakutasaidia. Nani anamwambia mteja maneno hayo siku anapofungiwa faiba hiyo nyumbani? Nimeuliza ndugu watatu wenye faiba. Hakuna aliyeambiwa.

Kwa mama tulifanya hivi. Yule fundi, kwa malipo tuliyokubaliana, alifunga kisanduku kidogo chenye soketi kando ya mlango, pale waya unapoingilia. Laini ya ndani inachomekwa hapo, inachomolewa hapo. Kwa kalamu nzito mama akaandika ukutani juu yake: MWISHO WA KAMPUNI.

Masika yaliyofuata laini ilikufa tena. Nilikuwa naye kwenye simu ya mkononi, Leicester bado giza.

"Chomoa hiyo ya ndani, mama."

"Nimechomoa."

"Chomeka simu yenyewe hapo kwenye kisanduku. Inua."

Nikamsikia akivuta kiti, akihema kidogo kwa lile goti.

"Hakuna kitu," akasema. Kisha sauti yake ikabadilika. "Basi ni yao."

Alikwenda kaunta asubuhi ile ile, akamwambia kijana: nimepima kwenye kisanduku cha nje, ndani nimetenga, mlio hakuna, niandikie namba ya lalamiko na jina lako. Kijana akaandika. Siku ya pili jioni mama akanipigia, hakusema hata salamu. Alikuwa ameuweka mkono wa simu ya mezani kwenye simu ya mkononi, na mlio ukanifikia nikiwa nimesimama kituo cha basi, mrefu, safi, bila mkwaruzo.