Mwogeleaji akimbie, lakini si kwa ajili ya pumzi

Ukishuka ufukweni Raskazone, hapa Tanga, jioni hukosi kumsikia mtu mzima akiwaambia vijana waliomo majini: kimbieni, mtapata pumzi. Mimi naunga mkono mwogeleaji kukimbia. Ninachokataa ni hiyo sababu.

Mkimbiaji huvuta hewa wakati wowote anaotaka. Anayeogelea kifudifudi huipata pale tu anapogeuza kichwa, mara uso unarudi majini na inabidi aitoe taratibu huku maji yakimbana kifua. Hata moyo haufanyi kazi vilevile: mwili ukiwa umelala majini, damu hurudi moyoni kwa urahisi, ndiyo maana mapigo kwa kawaida hayapandi kama ya mkimbiaji. Kijana anayekimbia kutoka Mkwakwani hadi Sahare bila kusimama, mtie majini uone: mita 50 tu anahema. Kifua anacho. Anachokosa ni kulala sawa juu ya maji na kuyakamata kwa mkono, na hayo lami haifundishi.

Halafu kuna vifundo vya miguu. Mtazame mkimbiaji mzuri akipiga miguu majini: vidole vimeelekea chini, nyayo zimekaza, povu linaruka na yeye yuko palepale. Wengine hurudi nyuma kabisa. Mwogeleaji anahitaji unyayo uliolegea na kunyooka nyuma, ilhali mbio nyingi hukaza vigimbi na vifundo. Anayekimbia anyooshe vifundo hivyo kila anapomaliza, tena bila haraka.

Faida ninayoiamini ni ya mifupa, na inanisikitisha kwamba haitajwi. Maji humbeba mtu, mifupa haipati mzigo wala mshindo wa kuiimarisha. Waogeleaji wa miaka mingi mara nyingi mifupa yao haiwi imara kama ya wanaokimbia na kuruka. Kwa mabinti na wavulana wetu walio kwenye umri wa kujenga mifupa, hili ni kubwa kuliko kikombe chochote cha mashindano. Dakika 20 au 30, mara mbili au tatu kwa wiki, kwenye mchanga mgumu au nyasi, zinatosha.

Na kuna bahari yenyewe. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hushuka zaidi ya mita 3, na saa nne asubuhi pale ulipoogelea jana unakuta tope. Upepo wa kusi nao ukivuma, mawimbi si ya kuchezea. Wengi wetu hatuna bwawa la kukimbilia, kwa hiyo siku hizo mbio ni bora mara kumi kuliko kukaa barazani. Zinatunza moyo, ila hazishiki nafasi ya maji. Washindani wa triathloni ya Olimpiki (kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo), iliyoanza Sydney mwaka 2000, huogelea kilomita 1.5 na kumalizia kwa mbio za kilomita 10, na kila mchezo wanaufanyia mazoezi yake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wanaowakimbiza watoto kwanza, ndipo wawaingize baharini: geuzeni ratiba. Miguu iliyochoka huzama na kiuno hufuata, na mtoto anazoea kuogelea vibaya kila jioni. Waogelee maji yakiwa yamejaa na miili haijachoka. Mbio ziwe baadaye, au asubuhi inayofuata.