Waruinge au Wangila? Kupima mabondia wasiolingana kilo

Ukitaka mjadala wa ndondi usiokwisha mjini Nakuru, uliza tu nani zaidi kati ya Philip Waruinge na Robert Wangila. Wangila ana dhahabu ya Olimpiki ya Seoul 1988, uzani wa welta, kilo 67. Waruinge, mwana wa Nakuru, alipigana uzani wa unyoya, kilo 57, akaleta shaba kutoka Mexico 1968 na fedha kutoka Munich 1972. Kwa hesabu ya medali maneno yameisha. Lakini kule Mexico Waruinge alipewa pia Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ustadi kuliko wote katika mashindano, awe wa uzani wowote. Dhahabu ya uzani mzito mwaka huo ilichukuliwa na George Foreman. Kombe likamwendea mtu wa shaba.

Hapo ndipo penye ubishi wa orodha zinazoitwa "ratili kwa ratili" (ratili, au pauni, ni karibu nusu kilo): mabondia wote wangekuwa na uzito sawa, nani angewashinda wenzake? Msemo huo ulishikamana na Sugar Ray Robinson, bingwa wa welta na kisha wa uzani wa kati. Wanaopanga orodha hizi wamegawanyika pande mbili. Wengine humtazama bondia mwenyewe, yaani miguu yake, jicho lake, anavyopima umbali na kukwepa konde kwa inchi moja. Wengine hutazama kazi aliyofanya: amempiga nani, lini, kwa uzani gani, na kwa tofauti gani. Naegemea upande wa kazi, ingawa Waruinge mwenyewe ni ushahidi kwamba upande huo una tundu.

Kwanza lile swali la kuwasawazisha watu kilo kichwani. Ukilichukua neno kwa neno linaharibika mapema, kwa sababu nguvu za msuli hufuata unene wake, ilhali uzito hufuata ujazo wa mwili mzima. Mtu akiwa na uzito mara mbili ya mwenzake, kwa umbo lile lile, nguvu zake huwa kama mara 1.6 tu. Kwa kila ratili, basi, mdogo ana nguvu zaidi na ni mwepesi zaidi, na kila mwaka kilele cha orodha kingejaa watu wa kilo 50. Wanyanyua vyuma wana fomula ya Sinclair ya kusawazisha jambo hili, lakini wao wana namba ya kuingiza humo: kilo zilizonyanyuliwa. Ndondi haina namba kama hiyo.

Kwa hiyo mashabiki wengi hukimbilia kuhesabu mataji. "Huyu ni bingwa wa uzani nne, yule wa mbili, basi." Hesabu hii ndiyo inayopotosha kuliko zote, na ni rahisi kuirekebisha kwa kikokotoo cha simu. Leo ndondi za kulipwa zina uzani 17 wa kawaida. Kikomo cha flai ni ratili 112, cha unyoya ni 126. Kati yake zimepangwa flai mkuu (115), bantamu (118) na bantamu mkuu (122), kwa hiyo bondia anaweza kuwa bingwa wa uzani tano huku kikomo kikipanda kwa asilimia 12.5 pekee. Linganisha na anayetoka mzito mwepesi, 175, kwenda kruza, 200. Hiyo ni hatua moja kwenye karatasi, na ni asilimia 14.3. Mmoja anahesabiwa mataji matano na mwingine mawili, na wa mawili ndiye aliyepanda mlima mrefu zaidi.

Henry Armstrong alishika mataji ya unyoya, laiti na welta kwa wakati mmoja mwaka 1938, enzi za uzani nane. Kutoka 126 hadi 147 ni karibu asilimia 17, na katikati kulikuwa na kituo kimoja tu, laiti. Uzani wa leo umeongezwa kidogo kidogo, na Waruinge anaingia katika hadithi hiyo pia: Aprili 1976 alipigania taji la kwanza la bantamu mkuu la WBC (mojawapo ya mashirika manne makuu yanayotoa mataji, pamoja na WBA, IBF na WBO), akashindwa na Rigoberto Riasco wa Panama. Katika uzani huo huo Naoya Inoue wa Japani alikusanya mishipi yote minne Desemba 2023.

Asilimia nazo hazimalizi kazi. Román González wa Nicaragua alianzia ratili 105 akawa bingwa hadi 115, uzani nne ndani ya asilimia 9.5, na mwaka 2015 jarida la The Ring lilimweka nambari moja duniani. Hapo kwenye 115 akakutana na Srisaket Sor Rungvisai, ambaye alimshinda kwa pointi Machi 2017, kisha akamwangusha raundi ya nne Septemba. Mifupa ya González ilikuwa imefika mwisho wake. Alipanda kidogo kwa hesabu, lakini kwa umbo lake kilikuwa kilele.

Halafu kuna uzani wa karatasi na uzani wa ulingoni. Kupimwa hufanywa siku moja kabla. Bondia hukata kilo kwa kubana chumvi, kupunguza maji na kutoka jasho, anapanda mizani akiwa mkavu, kisha ana kama saa 24 za kurudisha maji na wanga. Mwili mkubwa wenye kukauka vizuri hurudi na ratili kumi au zaidi. Kwa miaka mingi IBF iliwapima tena wanaopigania taji asubuhi ya pambano, na haikuruhusu zaidi ya ratili 10 juu ya kikomo. Kwingine masharti hutegemea mkataba. Mambo huharibika bondia akikauka kupita kiasi: anaonekana mzima raundi nne za kwanza, kisha miguu inakufa, mikono inashuka, na konde ambalo angelistahimili linamwangusha. Kwa hiyo ukiona "bingwa wa ratili 154", uliza alipimwa ngapi hasa. Manny Pacquiao anahesabiwa taji la 154 kwa kumpiga Antonio Margarito Novemba 2010, lakini pambano liliwekewa kikomo cha 150, na yeye alipimwa 144.6. Kutoka flai, alikoanzia ubingwa wake, hadi 154 ni asilimia 37.5. Hadi 144.6 ni 29. Bado ni maajabu, na kwa sababu alikuwa mdogo zaidi ya mpinzani, naona maajabu yanaongezeka, ila namba iliyo sahihi ni ile ya pili.

Uzito unafanya nini hasa? Tazama usiku wa Juni 25, 1952, Yankee Stadium. Robinson, ratili 157½, anapigania taji la uzani mzito mwepesi dhidi ya Joey Maxim, 173. Joto lilikuwa kali hadi refa Ruby Goldstein akaishiwa nguvu na kubadilishwa baada ya raundi ya kumi. Robinson alikuwa mbele kwenye kadi zote za majaji. Hakupigwa konde kubwa lililommaliza. Alichoka. Maxim alikuwa akimkumbatia na kumwegemea, na kila mara Robinson alibeba sehemu ya ule uzito kwa shingo, mabega na mapaja, kisha akalazimika kuruka tena kutafuta nafasi. Raundi ya 14 ilipoitwa, hakuweza kutoka kwenye kona. Jicho lingempa Robinson pambano lile bila kusita. Rekodi inasema alishindwa. Hapa nadhani orodha nzuri haimshushi hata hatua moja.

Ndiyo sababu namshangaa anayemshusha Saúl "Canelo" Álvarez kwa kushindwa na Dmitry Bivol Mei 2022 kama vile amepigwa na mtu wa kimo chake. Majaji watatu waliandika 115-113, juu ya uzani wake wa kawaida, dhidi ya mtu mrefu mwenye miguu. Kushindwa ukiwa umepanda kupimwe kwa mizani nyingine. Na kinyume chake pia: Terence Crawford alipompiga Canelo Septemba 2025 alikuwa ametoka 154 moja kwa moja hadi 168, asilimia 9 kwa mruko mmoja, akashinda 116-112, 115-113, 115-113. Wanaopunguza sifa yake husema Canelo naye ni mfupi wa 168 aliyeanzia ubingwa wake 154. Wana haki ya kusema hivyo. Hata hivyo Crawford akawa bingwa kamili, yaani mwenye mishipi yote minne, katika uzani wake wa tatu, na alianzia taji la dunia kwenye 135.

Wazito ndio huonewa zaidi. Hawana pa kupanda, kwa hiyo hesabu ya mataji inawafungia mlango. Oleksandr Usyk alitoboa kwa kuwa mzito mdogo: bingwa kamili wa kruza 2018, kisha wa uzani mzito Mei 2024 dhidi ya Tyson Fury. Katika marudiano ya Desemba, walipopimwa na nguo, Usyk alikuwa 226 na Fury 281, tofauti ya kilo 25. Hakuna bondia wa unyoya anayeombwa kutoa pengo kama hilo. Roy Jones Jr. alimpiga John Ruiz Machi 2003 akiwa 193 dhidi ya 226, lakini bei ilikuja baadaye: alirudi 175, akambana Antonio Tarver kwa shida Novemba, na Mei 2004 akaangushwa raundi ya pili. Kupanda kunaweza kugharimu mwili usirudi ulikotoka.

Upande wa jicho una hoja moja nzito, nayo ni kwamba rekodi huandikwa na majaji. Pambano la kwanza la Usyk na Fury liliisha 115-112 na 114-113 kwa Usyk, na 114-113 kwa Fury. Raundi ya tisa, ambapo Fury alipepesuka kwenye kamba akahesabiwa, ndiyo iliyoamua. Kule Seoul 1988 Jones alimzidi Park Si-Hun wa Korea Kusini waziwazi, akapewa fedha kwa kura 3-2, kisha akapewa Kombe la Val Barker. Waruinge alishindwa nusu fainali ya 1968 kwa 3-2 pia, na Antonio Roldán wa Mexico, jijini Mexico. Munich, fainali, akashindwa tena 3-2 na Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovyeti. Kura moja ikigeuka mara mbili, mtu wa shaba na fedha angekuwa na fainali mbili, na huenda dhahabu mbili. Anayefuata rekodi peke yake anayameza makosa ya majaji na kuyaita ukweli.

Kwa hiyo kazi ianze, jicho lifuate. Chukua wapinzani watano bora wa kila bondia, uliza kila mmoja alikuwa nafasi gani usiku ule na kama alikuwa kwenye uzani wake. Pima kupanda kwa asilimia na kwa kilo alizopimwa. Kushindwa juu kuhesabike nusu. Kura 3-2 au kadi zilizogawanyika zitazamwe tena kwa macho, raundi kwa raundi. Asiyepigana mwaka mzima ashuke.

Pitisha Wangila humo na unaona ubora wake: fainali ya Seoul alimmaliza Laurent Boudouani wa Ufaransa raundi ya pili, na Boudouani huyo alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA mwaka 1996. Huo ni ushindi mmoja mkubwa kuliko wowote wa Waruinge. Waruinge ana kina: dhahabu za Jumuiya ya Madola 1966 na 1970, medali mbili za Olimpiki, na lile kombe lililotolewa na watu walioona uzani wote, ulingo mmoja, majuma yale yale. Mimi namweka Waruinge juu, kwa pengo dogo. Kisha kuna Stephen Muchoki, kilo 48, bingwa wa dunia wa ridhaa Belgrade 1978, ambaye hana medali ya Olimpiki kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na 1980. Orodha ya medali haimwoni kabisa. Kwa wapinzani na kwa ustadi, naona nafasi yake ni palepale kando ya wale wawili, na anayemwacha nje anapaswa kueleza ni pambano gani alilopoteza hadi akafutwa.